Kutoa bodikiti pana kwenye Altezza: nyuma maji yanaingia, nianzie wapi?

kijana_wa_fuoni

Assalaam alaykum wakubwa. Naomba msaada wa wajuzi wa bodi, hasa mliopo Unguja.

Nina Toyota Altezza RS200 nyeupe. Nimeinunua kwa mtu wa Kiembe Samaki ikiwa imeshavishwa bodikiti pana: faiba nne za kupanua madigadi, zimefungwa kwa bolti zinazoonekana nje, na rimu pana zilizotolewa kwa spesa (vile vipande vya kusogeza gurudumu nje) mpaka zikafika ukingo wa zile faiba. Imeshushwa pia. Injini nzima, gia nzima, ndani safi. Gari naipenda na sina nia ya kuiuza. Ila kwetu ni Fuoni, njia ya ndani, mawe na mashimo, na uchochoro wa mwisho kabla ya nyumbani faiba inapita karibu kabisa na ukuta wa jirani. Mama yangu nampeleka kliniki Mnazi Mmoja, na kila tukiingia shimo tairi ya nyuma inasugua, yeye anashtuka anashika mlango.

Kilichonifanya niandike ni hii masika. Nimefungua buti baada ya mvua nimekuta maji kwenye kisima cha tairi ya spea. Si unyevu, ni maji ya kuteka kwa kikombe. Zulia la nyuma linanuka. Nikaingiza vidole kwenye mwanya kati ya faiba na bodi, nyuma kushoto, nikatoa tope lenye magamba ya kutu.

Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Fundi mmoja kanambia ni kazi ya mchana tu: anafungua bolti, anaziba matundu kwa puti, anapiga rangi. Mwengine kanambia ubavu wote wa nyuma ukatwe uwekwe mwengine, na bei aliyonitajia imenikosesha usingizi. Nimfuate yupi? Na hizi rimu nitaweza kubaki nazo?

drifti_maisara

Kaka, kabla hujaitoa fikiri tena. Altezza RS yenye ile injini ya Beams 3S-GE inazidi kupotea, na bodikiti ya bolti za nje ina historia yake. Wajapani walikuwa wanapanua madigadi ya gari za mashindano tangu Skyline GT-R za mwanzo, wapate nafasi ya tairi pana. Kei Miura wa Rocket Bunny na Wataru Kato wa Liberty Walk wamechukua pale pale wakaifanya sanaa. Ikifungwa vizuri haivuji hata tone. Ziba maji, inua shokapu kidogo, kaa nayo.

Ila kama mama ndiye abiria, sina la kukubishia. Fanya unavyoona.

FundiBati_Mikunguni

Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Mie kazi yangu ni bati, tangu enzi za Peugeot 504 na Datsun, na siku hizi vijana wananiletea gari kama yako nyingi tu. Hao mafundi wako wawili wamekujibu kabla ya kuangalia. Yawezekana mmoja wao amepatia, lakini hata yeye hajui.

Kwanza, mbele na nyuma ni kazi mbili tofauti. Madigadi ya mbele ya gari yako yamefungwa kwa bolti za spana namba 10. Mstari mmoja uko juu, utauona ukifungua boneti. Nyengine iko karibu na bawaba, utaiona ukifungua mlango. Nyengine chini kwenye kizingiti cha chini ya mlango na nyuma ya bampa. Hata kama yamekatwa ovyo namna gani, unayatoa, unafunga mengine, umemaliza. Hapo usipoteze fikra.

Nyuma hakuna madigadi ya kufungua. Ule ubavu ni bati moja linaloanzia nguzo ya paa, likapita juu ya tairi, likashuka mpaka kizingitini, na limechomelewa kwenye bodi. Ukikata pale umekata gari yenyewe. Na bodikiti za namna hii hukatwa, hiyo ndiyo njia yake. Huwezi kuweka tairi pana na ukaishusha gari halafu ukingo wa asili ubaki pale pale. Anayevisha anachora mstari, anapitisha grenda.

Sasa maji yako yanapoingilia. Juu ya tairi ya nyuma mabati ni mawili: la nje unaloliona, na la ndani linalofunika tairi. Kiwandani yanakutana kwenye ukingo, yamechomelewa vidoti. Grenda ikipita pale inaondoa maungio yote. Mabati yanaachana, katikati panabaki uwazi unaokwenda mpaka ndani ya buti na mpaka ndani ya kizingiti. Fundi anayejali anayakunja mabati yakutane tena, anayachomelea, anapaka praima, anapaka gundi ya maungio, ndipo anafunga faiba. Asiyejali anajaza povu na silikoni, anafunika. Ukiwa nje huoni tofauti yoyote, gari zote mbili zinang'ara. Tairi nayo inazunguka, inarusha maji na mchanga kwenye ule uwazi kila siku, na povu likishanywa maji haliyaachi. Kisiwa chetu hiki upepo wenyewe una chumvi. Bati lililopita grenda likaachwa wazi halina kinga hata moja.

Kwa hivyo usipatane bei na mtu yeyote kabla ya kujua yule aliyevisha alifanya lipi. Na unaweza kujua bila kufungua hata bolti moja ya faiba. Toa kiti cha nyuma, toa zulia la buti na vile vibao vya pembeni. Subiri usiku. Wewe ingia ndani ya buti na tochi kali, uielekeze kwenye kona ya juu ya tairi, nyuma ya bati la ndani. Mtu mwengine achutame nje, atazame chini ya faiba. Akiona mwanga, maungio yako wazi. Aweke alama kwa chokaa pale mwanga unapoanzia na unapoishia. Fanya pande zote mbili, maana mara nyingi upande mmoja umefanywa vizuri na wa pili fundi alikuwa ameshachoka.

Ukishajua, ndipo uvue. Jioni ya kabla yake pulizia bolti zote mafuta ya kulainisha kutu. Vichwa ni vya spana ya L. Safisha tundu la kichwa kwa msumari kwanza, mchanga ukibaki mle spana haikai vizuri na kichwa kinalika. Zile nati zilizobanwa kwenye bati huwa zinazunguka pamoja na bolti. Ikizunguka usishindane nayo, kata kichwa kwa grenda. Bolti zikishaisha faiba haitotoka, kwa sababu chini yake pana gundi. Usitie bisibisi ukabinua! Utalikunja bati zima lililobaki. Ipashe gundi kwa mashine ya upepo wa moto, si kwa moto wa gesi, halafu pitisheni ule waya mwembamba wanaokatia vioo vya mbele, mmoja avute huku na mwengine kule. Inatoka polepole, na faiba inabaki nzima ukitaka kumuuzia mtu.

Kama nyuma hapakukatwa, pametobolewa tu, matundu yanazibwa kwa kuchomelea na huyo fundi wa kwanza wa mchana mmoja hajakosea sana, isipokuwa hiyo puti yake. Tundu lililozibwa kwa puti tupu litarudi. Kama pamekatwa na bati la pembeni ni zima, unahitaji ukingo tu, si ubavu mzima. Kama kutu imeshaingia kizingitini, huyo wa pili anakaribia ukweli. Angalia kwanza, kisha uje utuambie.

mpemba_wa_wete

Nakazia maneno ya Fundi. Ndugu yangu huku Wete gari yake ilivuliwa bodikiti kama hiyo, na waliomfanyia walitengeneza ukingo wa nyuma kwa faiba na puti juu ya bati lililokatwa. Siku ya kuichukua ilikuwa nzuri kweli. Baada ya masika moja rangi ikaanza kuota vipele pale juu ya tairi, ukibonyeza kipele kinatoa maji ya rangi ya chai. Udongo wetu mwekundu unaujua, ukishaganda ndani ya ukingo haukauki mpaka kiangazi. Mwishowe kipande kizima kilidondoka barabara ya Konde. Bati hudaiwa bati.

spea_mwanakwerekwe

Dada yenu ninauza spea, naongezea upande wangu.

Altezza ya buti na Lexus IS200 ni bodi moja, kwa hiyo ukitafuta vipande usiulize jina la Altezza peke yake. Angalizo: Altezza Gita ni stesheni. Ubavu wake wa nyuma haukai kwenye gari yako hata uupige nyundo vipi, na nimeona mtu ameuziwa huo akabebeshwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, mpaka bandarini Malindi hapa Unguja. Omba picha ya kipande kizima, ionekane nguzo ya paa na sehemu ya taa, ndipo utume pesa. Na uangalie kama ubavu huo ni ule wenye mlango wa mafuta au ule usio nao.

Rimu: hapana, hutobaki nazo. Zimechaguliwa kwa upana wa faiba. Faiba ikitoka zitachomoza nje ya bodi na kila jiwe zitalirusha ubavuni mwako. Asili ya RS200 ni rimu ya inchi 17, upana inchi 7, ofseti +50 (kipimo cha rimu kukaa ndani au kutoka nje), matundu matano kwenye duara la milimita 114.3, na tairi 215/45R17. Rimu za Mark X zina matundu hayo hayo na tundu la kati la milimita 60.1, ila tazama ofseti kabla hujalipa. Spesa zikitoka kagua stadi za magurudumu, zile bolti zinazokazwa nati za rimu. Wengine hubadilisha wakaweka ndefu, nazo zikibaki nati za kufunikwa juu hazifiki mwisho, mtu anadhani amekaza kumbe bado. Na msikilize beringi. Gurudumu lililotolewa nje muda mrefu linazichosha.

kijana_wa_fuoni

Ahsanteni sana, Allah awalipe. Ami Fundi, nimefanya kama ulivyoelekeza. Mdogo wangu alichutama nje na mie nikaingia kwenye buti.

Kulia hakuonekana mwanga hata kidogo. Tulipofungua tumekuta mabati yamekunjwa pamoja, yamechomelewa mstari mzuri, juu yake gundi ya kijivu bado laini ukibonyeza kwa kucha. Kushoto mwanga ulitoka kama shubiri moja na nusu, kuanzia juu ya tairi kuja nyuma. Kuvua faiba ya kushoto kulituchukua muda kwa sababu bolti tatu zilizunguka. Ndani tumekuta povu la manjano limegeuka jeusi, limelowa, nikilikamua kwa mkono linatoa maji. Nyuma ya povu bati la nje limekatwa kwa msumeno, lina meno meno. La ndani limeachana nalo kiasi cha kuingia vidole viwili, na sehemu ya nyuma kidole kimetoboa bati kikapita. Kule mbele, karibu na kizingiti, bati ni gumu, nimelisugua msasa limetoa mng'ao.

Dada wa spea amenipatia ubavu wa kushoto wa IS200, mzima, una kovu dogo karibu na taa. Sasa natakiwa kuuweka wote?

FundiBati_Mikunguni

Umefanya vizuri mwanangu, na huyo mdogo wako umpe soda.

Usiuweke wote. Ubavu mzima maana yake kukata nguzo ya paa, kutoa kioo cha nyuma, kung'oa vidoti vyote vya kiwandani mpaka mlangoni. Kazi hiyo ni ya gari iliyogongwa. Yako nguzo ni nzima, mlango unafunga sawa, usiviguse. Kutoka kwenye huo ubavu uliopewa, kata ukingo na bati la juu yake, na uache ziada pande zote ili upate pa kurekebishia. Maungio yaweke chini ya ule mstari uliokunjwa ubavuni. Usiungie katikati ya bati pana lililo bapa, moto utalivimbisha na hutolinyoosha tena. Kama huo ubavu umekuja na bati la ndani, chukua na lile, maana lako la ndani limeshatoboka. Kama haukuja nalo, fundi akukatie bati jipya la unene ule ule, alikunje kwa mkono. Halionekani, kwa hiyo lisifanyiwe urembo, lifanyiwe uimara.

Kabla ya hapo pita kizingiti chote kwa nyundo ndogo, ukigonga taratibu. Bati zima linalia, lililooza linajibu kwa sauti iliyokufa. Pitisha waya kwenye vitundu vya chini vya kutolea maji, mchanga wa miaka umo mle. Maji yalikuwa yanaingia juu na hayana pa kutokea chini.

Kuchomelea: mashine ya MIG, ile inayotoa waya wenyewe, waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8. Akikujia mtu na mashine ya vijiti mwambie ahsante, aende akachomelee mageti. Bati la gari halifiki hata milimita moja, vijiti vinalitoboa. Achomelee nukta, aruke, apige nyengine mbali, aache lipoe, arudi. Anayevuta mstari mmoja mrefu anakuharibia ubavu. Mpe fundi wako nafasi, usisimame juu yake unamuuliza saa ngapi atamaliza, ila kwenye jambo hili simama utazame.

Na tahadhari, hii naisema kwa herufi zote. Toa waya wa hasi wa betri. Angalia bomba la kujazia mafuta na tangi viko wapi kwa upande wenu mnaochomelea. Toa kiti, toa mazulia yote, vuta pembeni nyaya za taa za nyuma, na toa povu LOTE mpaka chembe ya mwisho, kwa sababu povu lile likishika moto linatoa moshi wa sumu na linaungua ndani ya bati ambapo mkono haufiki. Ndoo ya maji na kizima moto viwe karibu, na baada ya kumaliza mtu abaki na gari, asiende kula mara moja. Nimewahi kuona moshi unaanza watu wameshaondoka kwenda kuswali.

Baada ya kuchomelea: saga, safisha, praima ya epoksi juu ya bati tupu. Ndipo puti, na puti iwe ya kusawazisha tu, isizidi milimita tatu. Ndani ya ukingo gundi ya maungio, na kila kitu kikishakauka pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya uwazi kupitia buti, mpaka uione inachuruzika kwenye vitundu vya chini.

Rangi ya mwisho usipige sasa. Hewa ya masika ina maji, rangi inaota ukungu na kupoteza mng'ao. Gari inaweza kutembea na epoksi mpaka mvua zipungue. Epoksi lakini, si ile praima ya kijivu ya kawaida, ile inapitisha maji na utarudi pale pale. Namba ya rangi iko kwenye kile kibati ndani ya boneti. Nyeupe nyingi za Toyota ni 040, ila soma yako. Gari ya miaka yote hiyo weupe wake umebadilika, kwa hiyo fundi wa rangi apulize ubavu mzima mpaka nguzoni. Akipulizia kiraka tu kitaonekana kutoka Darajani.

Kulia usikate chochote. Aliyekunja na kuchomelea pale alifanya kazi yake kwa uaminifu. Ukingo umepungua, basi. Ongeza ukingo juu ya mshono wake, usiuondoe.

kijana_wa_fuoni

Nimekuelewa ami. Nitakuja Mikunguni Jumamosi baada ya alasiri na huo ubavu wa IS200 nikuonyeshe kabla hatujaukata. Bati la ndani limekuja nalo, alhamdulillah. Dada wa spea ameniwekea rimu nne za asili, nitazifunga siku hiyo hiyo ya kutoa spesa.

drifti_maisara

Hizo faiba unafanyaje? Mie ninazitaka, pamoja na rimu na spesa.

kijana_wa_fuoni

Zote zipo. Faiba tatu nzima kabisa. Ya nyuma kushoto ina ufa mdogo kwenye tundu la bolti ya pili kutoka mlangoni, umeanza kabla hatujaivua, picha nitakutumia. Ukiwa unafunga kwenye gari yako nenda kwa fundi atakayekunja mabati kama ule upande wangu wa kulia. Nimepiga picha zake kwa karibu, nitakupa nazo umuonyeshe.